Zima Kinanda Kwanza: Namna ya Kuamua Kama Ala za Muziki Zina Nafasi Katika Ibada Yenu

Kama umepewa kazi ya kutafuta jibu la ugomvi wa kinanda, gitaa au ngoma kanisani kwenu, pole. Nami niliwahi kupewa kazi hiyo, nikadhani itaisha kwa vikao viwili. Ilichukua miezi 8. Nakuandikia njia tuliyopita pamoja na mahali tulipojikwaa, ili wewe angalau ujikwae kwingine.

Nianze kwa kujieleza, maana katika jambo hili hakuna mwamuzi asiye na upande. Nimepiga kinanda ibadani miaka 31. Tena ni binti wa mzee wa kanisa ambaye mpaka anakufa hakuimba wimbo wa ibada pamoja na ala yoyote, na tulimzika kwa sauti tupu kama alivyoagiza.

Chombo cha Baba kilikuwa kimoja: uma wa chuma wa kupimia sauti. Aliugonga gotini, akauweka karibu na sikio, akaitafuta do kichwani mwake (uma ule ulitoa noti moja tu, la, mitetemo 440 kwa sekunde), akaitoa kwa mdomo uliofumbwa, na kanisa zima likaingia kwa sauti nne. Siku aliponisikia nikipiga kinanda kwa mara ya kwanza, katika ushirika mwingine nilikohamia, alikaa benchi la nyuma mpaka mwisho. Tulipotoka nje akanishika mkono. "Umepiga vizuri, mwanangu," akasema. "Maneno sikuyasikia." Angekuwa amekasirika ningepata la kumjibu.

Miaka mingi baadaye umeme ulikatika katikati ya ubeti wa tatu. Kinanda kikanyamaza, spika zikanyamaza, na watu wapatao 200 wakanyamaza pamoja navyo. Aliyebaki akiimba ni mama mmoja wa kwaya, na kwa bahati mbaya alikuwa akiimba sauti ya pili. Nusu ubeti ukaenda hivyo bila tuni yenyewe, kama kivuli kilichoachwa na mwenyewe. Hapo ndipo nilipomwelewa Baba. Kumbe siku ile hakuyasikia maneno kwa sababu hayakuwepo. Watu walikuja kunisikiliza mimi.

Andikeni kinachowauma

Kabla hamjafungua Biblia, jueni mnagombania nini. Kamati yetu ilikuwa na watu saba. Nilimpa kila mmoja kipande cha karatasi, asiandike jina, aandike sentensi moja tu: katika jambo hili la ala, kinachoniuma ni nini?

Karatasi mbili zilitaja Maandiko. Moja ilisema spika imeelekezwa kwenye sikio lake. Moja ilisema vijana wanapewa kila wanachotaka. Moja ilimlalamikia mpiga gitaa anayefika amechelewa na kutoka nje mahubiri yanapoanza. Moja ilisema "tutafanana na wale wengine", bila kuwataja, ingawa wote tuliwajua. Ya saba ilikuwa yangu, na kwa sasa sisemi niliandika nini.

Zipangeni karatasi hizo mafungu mafungu. Spika haihitaji mstari wa Biblia; inahitaji kusogezwa, na tuliisogeza jioni ileile. Mpiga gitaa alihitaji kuzungumzwa naye na mtu anayempenda. Ukiyaacha mambo haya ndani ya mjadala yatavaa kanzu ya teolojia, na utashangaa kwa nini mtu habadiliki hata ukimwonyesha aya kumi. Kwetu, baada ya jioni mbili za namna hiyo, ugomvi ulikuwa umepungua nusu na hatujagusa swali lenyewe.

Badilishaneni pande

Mkishabaki na swali la Maandiko, msiruhusu kila mtu alete mistari yake. Sisi tulifanya hivyo kikao cha kwanza, yakawa mashindano ya kufunua kurasa. Kikao kilichofuata tuligeuza: wanaotaka ala waeleze hoja za wasiozitaka, mpaka wenzao wakiri, "Ndiyo, hivyo ndivyo tunavyosema." Kisha wageuziane. Ilikula vikao vitatu, na sijutii hata kimoja. Kaeni hapa kuliko popote pengine.

Wanaotaka ala hukimbilia Zaburi 150, yenye baragumu, kinanda, kinubi, matari, zeze, filimbi na matoazi. Ni nzuri, lakini hoja yao yenye nguvu zaidi iko kwingine: 2 Mambo ya Nyakati 29:25. Hezekia anapoirudisha ibada ya hekalu anawasimamisha Walawi wakiwa na matoazi, vinanda na vinubi kwa agizo la Daudi, Gadi na Nathani, na andiko linasema amri hiyo ilitoka kwa Bwana kwa mkono wa manabii wake. Basi hakuna anayeweza kusema Daudi alijitungia tu kwa sababu alipenda muziki. Ongeza tarumbeta mbili za fedha ambazo Musa aliagizwa kuzitengeneza katika Hesabu 10, na Elisha katika 2 Wafalme 3:15 anayeomba aletewe mpiga kinanda kabla ya kutoa unabii.

Sasa mpe kiti asiyezitaka, naye hana haja ya kutoka kwenye sura hiyohiyo. Aya ya 27 na 28 zinasema wimbo na tarumbeta zilianza pale sadaka ya kuteketezwa ilipoanza, zikaendelea mpaka sadaka ikaisha. Vyombo vilifungwa na madhabahu. Kama sadaka zimekoma, mbona vyombo vyake vibaki? Ndivyo alivyohoji Calvin, mwanateolojia wa Kiprotestanti wa karne ya 16: kwake, kurudisha ala kanisani kulifanana na kurudisha uvumba na taa za hekalu. Kisha atakuonyesha Agano Jipya. Yesu na wanafunzi wanaimba baada ya chakula cha mwisho, Paulo na Sila wanaimba gerezani, Waefeso na Wakolosai wanaagizwa zaburi, tenzi na nyimbo za rohoni, na hakuna mahali panapotaja kusanyiko la Wakristo likipigiwa chombo.

"Lakini mbinguni kuna vinubi!" Ni kweli, Ufunuo 5:8. Soma aya yote: kila mzee ana kinubi, na pia ana bakuli la dhahabu lililojaa manukato. Anayechukua kinubi kutoka aya hiyo aeleze kwa nini ameliacha bakuli. Nilipoambiwa hivi na mzee mmoja wa kamati nilitafuta jibu wiki nzima. Nilichopata ni kwamba aya ile haimsaidii yeyote kati yetu kuamua ibada ya Jumapili, nikaiondoa kwenye orodha yangu.

Halafu lipo neno la Kigiriki psallo, lililo katika Waefeso 5:19. Zamani lilimaanisha kugusa au kuvuta uzi, kama wa kinubi au wa upinde. Wapenda ala husema: hapo! Paulo anawaagiza wapige. Wengine hujibu kwamba kufikia wakati wa Paulo lilikuwa limekwisha kutumika kwa kuimba tu, na kwamba Paulo mwenyewe anataja chombo kinachoguswa: moyo. Katika hili upande wa Baba una uzito, na nasema hivyo nikiwa mpiga kinanda. Wakristo ambao Kigiriki kilikuwa lugha ya mama yao waliisoma barua hiyo karne na karne wakaimba kwa midomo tu, na hata leo mwimbaji wa kanisa la Kiorthodoksi la Kigiriki anaitwa psaltis, wala hashiki chombo.

Kuna aya ambazo pande zote mbili huzitumia vibaya. Amosi 5:23 husomwa na wasiotaka ala kwa sababu Mungu anakataa sauti ya vinanda. Anza mwanzoni mwa aya: anakataa na kelele za nyimbo pia, kwa hiyo aya hiyo ikifukuza kinanda na kwaya itoke. Kilichomchukiza kiko aya ya 24, haki isiyotiririka. Nayo Danieli 3 husomwa kuonyesha kuwa ala ni za sanamu, kwani watu waliambiwa wasujudu wakisikia baragumu, filimbi na kinubi. Ila kinubi ndicho alichopiga Daudi. Chombo hakina dini.

Kinanda cha Zaburi si hiki chetu

Hili ni fupi, lakini limewahi kuniokoa. Msomaji wa Kiswahili akikuta "kinanda" katika Zaburi anaona vitufe vyeupe na vyeusi. Waliotafsiri Biblia walikuwa na maana nyingine; kinanda cha Kiswahili cha zamani ni chombo cha nyuzi, kilichopakatwa na kuchezeshwa vidole. Jina likahamia baadaye kwenye hiki cha vitufe. Waingereza nao walijikwaa palepale: Biblia yao ya mwaka 1611 ilitaja ogani katika Zaburi 150:4 mahali ambapo sisi tuna filimbi, na filimbi iko karibu zaidi na kilichokusudiwa. Vilevile tari ni ngoma ya mkononi. Anayekubali matari na kukataa ngoma kwa sababu ya Biblia inabidi atafute sababu nyingine, na pengine anayo, nzuri kabisa: kwake ngoma imebeba kumbukumbu ya mahali alikotolewa. Hiyo isikilizeni, ila msiiite aya.

Watu wa "siku zote"

Kila kamati ina mtu wa "kanisa siku zote limekuwa na kinanda" na mtu wa "mambo haya yameletwa juzi na vijana". Wote wawili wapewe historia.

Kwa karne nyingi za mwanzo Wakristo waliimba bila ala. Baada ya hekalu la Yerusalemu kubomolewa mwaka 70, sinagogi nazo zilibaki na sauti za watu, na Wakristo waliimba vivyo hivyo. Klementi wa Aleksandria, mwishoni mwa karne ya 2, na Yohane Krisostomo katika karne ya 4 hawakuona ala zinafaa ibadani, na sehemu ya sababu ilikuwa mahali zilikozoeleka: karamu za ulevi, michezo ya kuigiza, ibada za miungu. Kinanda cha mabomba, ambacho wengi leo hukiona kitakatifu kuliko vyote, kilibuniwa Aleksandria karne ya 3 kabla ya Kristo, na Warumi wakakipiga viwanjani watu wakitazama mapigano. Mwaka 757 mfalme wa Bizanti, Konstantino wa Tano, alimpelekea Pepin, mfalme wa Wafranki, kinanda cha namna hiyo kama zawadi ya mtawala kwa mtawala. Makanisa ya Magharibi yalikipokea polepole baada ya hapo. Katika karne ya 13 Thomas Aquinas bado anaandika kwamba Kanisa halitumii vinubi na mfano wake, lisionekane linarudia desturi za Kiyahudi. Na a cappella, neno la wanakwaya la kuimba bila chombo, kwa Kiitaliano ni "kama kanisani".

Wakati wa Matengenezo ya Kanisa, karne ya 16 Waprotestanti walipojitenga na Roma, Luther aliupenda muziki na alipiga chombo cha nyuzi. Zwingli wa Zürich alikuwa mpigaji hodari wa ala nyingi, na ndiye aliyenyamazisha muziki kanisani. Kinanda cha Grossmünster, kanisa lake, kilivunjwa mwaka 1527. Wapigaji wenzangu, hilo linanikera mpaka leo. Huyu hakuwa mtu asiyejua utamu wa kitu anachokiondoa.

Kwa Wakatoliki, Papa Pius wa Kumi alikataza piano na ngoma ibadani mwaka 1903; mwaka 1963 Mtaguso wa Pili wa Vatikano ukakipa heshima kinanda cha mabomba na kuruhusu vyombo vingine vinavyofaa, kwa idhini ya wenye mamlaka. Waorthodoksi wengi wa Mashariki huimba kwa sauti tupu mpaka leo, lakini Kanisa la Tewahedo la Ethiopia, la kale pia, lina ngoma ya kebero na njuga za tsenatsil ndani kabisa ya ibada yake, na mapokeo yake humtaja Yared wa karne ya 6 kuwa baba wa uimbaji huo. Kwa hiyo anayesema ngoma ni ya vijana amekosea kwa karne kadhaa. Kanisa Huru la Scotland liliimba zaburi bila ala kwa vizazi, na mwaka 2010 baraza lake likaruhusu sharika zake kuchagua.

Mfano wa kuogopa ni wa Marekani. Karibu mwaka 1860, kanisa la Midway, Kentucky, liliingiza kinanda kidogo cha kukanyaga kwa miguu kwa sababu uimbaji wao ulikuwa mbaya mno. Ugomvi ukaenea katika ushirika wote, ukachanganyika na mengine, na katika sensa ya dini ya mwaka 1906 waliokuwa mwili mmoja walihesabiwa kama makanisa mawili. Angalia lakini sababu ya mwanzo: uimbaji mbaya. Kama kungekuwa na mtu mwenye subira wa kufundisha sauti!

Historia haikutuamulia kitu. Iliwapunguzia sauti watu wawili waliokuwa wakianza kila sentensi na "siku zote".

Mnashika kanuni ipi?

Chini ya mabishano yote kuna kanuni mbili, na kila kanisa linatembea na mojawapo hata kama halijawahi kuiandika. Ya kwanza: katika ibada, lisiloagizwa halifanywi. Ya pili: lisilokatazwa na lenye kujenga linaweza kufanywa. Msipojua mko kwenye ipi, mtapishana kama watu wanaocheza michezo miwili uwanja mmoja.

Mwenye kanuni ya kwanza muulize kuhusu vitabu vya nyimbo na vipaza sauti, ambavyo Paulo hakuviagiza. Atakujibu kwamba hivyo ni vya kusaidia agizo la kuimba kutekelezeka, wala haviongezi tendo jingine. Chombo kinapiga muziki wake chenyewe. Jibu hilo lina akili, lisikilize. Kisha muulize kuhusu uma wa kupimia sauti. (Sikumwuliza Baba nilipopata nafasi. Baadaye nilisoma kwamba uma ule ulibuniwa mwaka 1711 na John Shore, mpiga tarumbeta wa London. Ningetoa kitu kikubwa kuuona uso wake akilisikia hilo.) Mwenye kanuni ya pili muulize atasimama wapi. Kama kipimo ni "kinajenga", nani anapima, na anapimaje? Kwetu swali hilo ndilo lililozaa hatua inayofuata.

Jaribuni Jumapili nne

Hapa acheni kubishana, mtege masikio. Chagueni nyimbo tatu ambazo kanisa linazijua vizuri na moja mpya, na mziimbe hizohizo Jumapili nne mfululizo. Jumapili ya kwanza bila chombo chochote. Ya pili kinanda peke yake, sauti chini. Ya tatu kila kitu kama mlivyozoea. Ya nne bila chombo tena. Tangazeni mapema kwamba ni majaribio, yana mwanzo na mwisho, na hakuna aliyeshinda.

Wekeni wasikilizaji watatu, mmoja mbele, mmoja katikati, mmoja nyuma karibu na mlango, wasiokuwa wanakwaya. Kila mmoja ajibu kwa kuandika: Je, naisikia sauti ya aliye kando yangu? Ubeti wa pili tuliingia pamoja? Asiye na kitabu aliweza kuyashika maneno ya wimbo mpya? Midomo mingapi imefungwa katika mabenchi mawili yaliyo mbele yangu? Hilo la midomo lina aibu kidogo lakini ndilo linalosema kweli kuliko yote.

Jumapili yetu ya kwanza ilikuwa msiba. Mimi ndiye niliyeanzisha, na kwa mazoea ya kinanda nikaanza juu. Tulipofika kwenye kiitikio wanaume walikuwa wamekata tamaa na waliobaki walipiga kelele. Jumapili ya tatu, yenye vyombo vyote, ilipendeza sana, na msikilizaji wa nyuma aliandika midomo kumi na moja imefungwa kati ya kumi na sita. Jumapili ya nne nilianza chini, na kanisa likaimba. Halikuimba vizuri sana. Ila msikilizaji wa mlangoni, aliyekuwa upande wa ngoma tangu mwanzo, alikuja na karatasi yenye neno moja: "Tulisikika."

Mkiamua kupiga

Msimamo wangu baada ya yote: ala zinaruhusiwa, hazidaiwi. Ni wapagazi. Mpagazi akitembea mbele akiwa amevaa kanzu ya bwana harusi, kuna mahali tumekosea.

Kwa hiyo mpige hivi. Wimbo uwekwe mahali ambapo muumini wa kawaida, aliyeamka na mafua, anaufikia: noti ya juu kabisa isizidi D, E mara chache. Vitabu vingi vimepanga juu zaidi kwa ajili ya kwaya, shusheni. Utangulizi uwe mstari mmoja wa wimbo wenyewe, usiwe tamasha. Mpigaji ajue maneno, avute pumzi pale mwimbaji anapovuta. Nikimfundisha mtu namwambia aimbe huku akipiga, na asipoweza, arahisishe vidole mpaka aweze. Acheni ubeti mmoja katika kila wimbo bila chombo, hasa ule wa katikati wenye maneno mazito. Besi na ngoma ziingie mwisho, baada ya kanisa kusimama lenyewe, kwa sababu mdundo mkubwa huwapa watu hisia kwamba wanaimba wakati wanatikisika tu. Usipige chini ya maombi. Najua wengi hufanya hivyo ili watu "waingie rohoni". Elisha alimwita mpiga kinanda, sawa, lakini mimi nimeona jinsi ninavyoweza kuwaliza watu kwa kubadilisha noti moja tu kuwa ya huzuni, na siutaki uwezo huo wakati mtu anatubu.

Fundi wa mitambo ya sauti ana madaraka kuliko mchungaji, kwa hiyo mchagueni kwa maombi. Kipimo chake ni kimoja: akishindwa kuwasikia watu walioketi, ashushe.

Mkiamua kutopiga

Msidhani mmemaliza, kazi ndiyo inaanza. Kanisa lisilopiga na lisilofundisha kuimba linajitesa. Mnahitaji waanzishaji watatu au wanne, wenye uma au kifilimbi cha kupimia sauti, si mmoja ambaye akisafiri kanisa linakuwa bubu. Fundisheni do re mi kwa watoto, dakika kumi kila juma. Baba aliwapanga watoto kwenye ngazi za mlango, kila ngazi noti, wakapanda na kushuka wakiimba. Gaweni sauti nne na kila sauti iketi pamoja mpaka izoee.

Tegemeeni wimbo kushuka. Kusanyiko lisilo na chombo mara nyingi huteremka nusu noti au zaidi kufikia ubeti wa mwisho, kwa uchovu na kwa kuburuta. Msisimame katikati kurekebisha, ni aibu kwa wote. Anzeni juu kidogo, na mwanzishaji asukume mwendo. Nyimbo nyingine zilitungwa zikisubiri chombo kijaze nafasi za kimya, nazo kwa sauti tupu hukaa kama meno yaliyong'oka. Ziacheni.

Msipige kura ya nne kwa tatu

Ikiwa watu watatu kati ya saba dhamiri inawakataza, kura haitawaondolea dhamiri. Warumi 14 inazungumzia chakula na siku, lakini mzee wetu mmoja aliisoma kwa sauti akaweka "kinanda" mahali pa "nyama", na chumba kikatulia. Kisha akauliza, "Mkipiga kila Jumapili, mimi nitaingia wapi?" Aliuliza kama mtu anayeuliza mlango.

Tulikubaliana hivi, nanyi mnaweza kupindua mpendavyo: Jumapili ya kwanza ya kila mwezi, na kila tunapokaribia meza ya Bwana, hakuna chombo. Siku nyingine kuna kinanda, na gitaa kwa nyimbo zinazoliitikia. Ngoma ziliahirishwa mwaka mmoja, zikaingia baadaye, ndogo, kwa kupigwa na mtu anayekaa mpaka mwisho wa mahubiri. Yeyote asiyetaka kuimba na chombo anaruhusiwa kunyamaza bila kuulizwa. Mzee yule hunyamaza ubeti wa kwanza, na kwenye ubeti usio na chombo huingia kwa sauti ya nne inayotikisa dirisha.

Ile karatasi yangu ya siku ya kwanza niliandika: "Nikiambiwa niache kupiga, sijui nitakaa wapi humu ndani." Haikuwa na Maandiko hata chembe, na ndiyo iliyonifanya niwe mkali katika vikao viwili vya mwanzo kuliko mtu yeyote. Siku hizi, Jumapili ya kwanza ya mwezi, nakaa benchi la nyuma na uma wa Baba mfukoni, kando ya yule mama wa sauti ya pili. Tunaimba wote wawili sauti ya pili. Tuni ipo.